Mume wangu anamfundisha binti yetu samasoti uani, kocha anamrudisha kwenye daraja

BARUA

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Texas, tunakoishi mwaka wa tisa sasa. Mimi na mume wangu sote ni wa Unguja. Yeye ni mtoto wa Mji Mkongwe hasa, amekulia hatua chache kutoka Forodhani. Tuna watoto watatu, na anayeninyima usingizi ni wa katikati, binti wa miaka 11.

Miaka miwili iliyopita alirudi kutoka shule na neno moja tu mdomoni: chia. Najua nyumbani wengi wakilisikia wanafikiria wasichana wa kupunga vitambaa kando ya uwanja. Huku ni mchezo wa mashindano wenye jimu zake. Timu inapewa dakika mbili na nusu za muziki, na ndani ya dakika hizo watoto wanabebana, wanarushana na kupiga sarakasi sakafuni. Suala la nguo tulilimaliza mapema, kocha alikubali avae suruali na mikono mirefu chini ya sare, na hakuna aliyemsumbua.

Watoto hupangwa kwa levo. Binti yangu alianza levo 1 na vichwangomba, gurudumu la kupinduka kwa ubavu, kusimama kwa mikono, na daraja, lile la kupinda mgongo kinyumenyume viganja na miguu vikiwa sakafuni. Mwaka jana akapanda levo 2, ambako jambo kubwa ni handispringi ya nyuma: unaruka kinyumenyume, unafikia mikono, miguu inapita juu yako na unasimama tena. Aliipata, tukafurahi sana. Mwezi wa tano wakapimwa upya. Marafiki zake watatu wakapanda levo 3, yeye akabakishwa. Tena si kubakishwa tu. Kocha aliniita pembeni akasema anataka mtoto arudi kwenye daraja na kupita juu ya mikono polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, kama alivyofanya mwaka wa kwanza, mpaka mabega yake yafunguke na viwiko viache kukunjika. Mtoto alilia kutoka jimu mpaka nyumbani, dakika 25 nzima, na kipaza sauti cha redio nimekizima.

Mume wangu aliposikia alikasirika. “Mtoto anayeruka anarudishwa kwenye daraja?” Yeye ameruka ukuta wa Forodhani tangu hajaota ndevu, kinyumenyume, watalii wakimpiga picha, na hakuna aliyempa levo. Anasema vijana wa Mombasa wanapiga sarakasi hapahapa Marekani kwenye mapumziko ya mechi za mpira wa kikapu, na walijifunzia mchangani. Basi akaanza kumfundisha mwenyewe, jioni akitoka kazini. Kwanza kwenye trampolini ya jirani, kisha kwenye majani uani. Wiki ya tatu mtoto alisimama, akajitupa nyuma, akazunguka hewani bila mikono kugusa chini na kutua kwa miguu: samasoti yenyewe. Shangazi, nilipiga kigelegele. Nikairekodi nikamtumia bibi yake Unguja, naye akatuma sauti ya mashallah isiyokwisha.

Jumamosi moja alitua vibaya akakiangukia kifundo cha mkono. Kilivimba siku mbili, tukamchua, kikapoa. Jimuni hatukusema.

Sasa kuna jimu nyingine, mwendo wa nusu saa zaidi. Mama mmoja aliwaonyesha ile video, wakanipigia wenyewe. Wanasema mtoto huyu kwao ni levo 3 leo, mradi tujiandikishe kabla ya mwisho wa mwezi. Ada yao ya mwezi inapita bili yetu ya umeme ya kiangazi, na waliopo Texas wanajua maana yake. Mume wangu anataka tuhame kesho. Mimi sijui. Moyo mmoja unaniambia kocha wa sasa anamchelewesha ili tuendelee kulipa. Mwingine unaniuliza, na naomba unisamehe, kama angebakishwa vilevile angekuwa na rangi ya wenzake. Na wa tatu unaniambia kocha anaona kitu nisichokiona.

Na kuna hili. Tangu mwezi uliopita, jimuni, zamu yake ya handispringi ikifika anasimama mwisho wa zulia, anajifuta viganja mapajani mara tatu, mara nne, anainua mikono, kisha anaishusha na kurudi nyuma ya foleni. Handispringi aliyokuwa akiipiga mwaka mzima. Nikimuuliza anasema ana kiu.

Nifanyeje?

Mama Roho Juu, Texas


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ina mambo mengi: kocha, jimu mpya, mume, ada, rangi. Lakini mimi nilikwama pale mtoto anapojifuta viganja. Umeliandika mwishoni, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa ameshafika mlangoni. Na jambo la kifundo cha mkono umelipa mistari mitatu. Naomba nianze na hayo mawili, kisha nirudi kwa kocha na kwa baba yake.

Mtoto aliyeipiga handispringi mwaka mzima, akaanguka mahali pengine, kisha akashindwa kuipiga tena, hajawa mvivu wala mwoga. Kila anayefundisha mchezo huu amewaona watoto wa namna hiyo, na kuruka kinyumenyume ndiko kunakowapata zaidi, kwa sababu unakwenda usikokuona. Mwili unakataa kabla mdomo haujajua la kusema, ndiyo maana anakuambia kiu. Hata wakubwa huwapata. Simone Biles, bingwa wa jimnastiki aliyekulia Spring, hukohuko kwenu Texas, alijitoa kwenye fainali ya timu ya Olimpiki ya Tokyo mwezi Julai 2021 kwa sababu akiwa hewani hakujua tena mwili wake uko upande gani. Ninalolipenda katika kisa chake ni alivyorudi. Alikwenda kufanya mazoezi kwenye magodoro laini, na alipopanda tena boriti, ule ubao mwembamba wa kurukia, siku chache baadaye alishuka kwa mruko wa zamani usio na mzunguko wa pembeni, mwepesi kuliko aliozoeleka nao. Akapata shaba. Bingwa wa dunia alishuka ngazi mwenyewe, mbele ya macho ya watu wote.

Kifundo cha mkono nacho. Uvimbe ulikwisha, sawa, lakini mwana wa miaka 11 bado mifupa yake inakua, na sehemu inayokua iko karibu kabisa na kifundo. Ni laini kuliko mfupa wenyewe, na ikiumia huweza isionekane kwenye picha ya kwanza ya eksirei. Mwambie aweke viganja ukutani kama anayesukuma gari, kisha asukume. Akikunja uso, au ukiona mkono mmoja unafanya kazi kuliko mwenzake, mpeleke kwa daktari wa watoto na umweleze kila kitu, na majani ya uani pia. Inawezekana kabisa kwamba yule anayesimama mwisho wa zulia anaogopa maumivu ambayo hajamwambia mtu, kwa kuwa akiyasema atamponza baba yake.

Sasa tuje kwa kocha. Umeandika kana kwamba kurudishwa kwenye daraja ni adhabu au ni kupoteza muda, na mume wako anaona hivyohivyo. Naelewa. Kiswahili chetu chenyewe kinatutega hapa: mtoto anataka kupanda daraja, anaambiwa arudi kwenye daraja. Lakini tazama handispringi inajengwa na nini. Mwanzo wake ni kukaa kama kwenye kiti na kujisukuma nyuma. Katikati yake ni kusimama kwa mikono, viwiko vimenyooka, mabega yamefunguka mpaka masikioni. Kati ya hayo mawili mgongo unapita kwenye daraja. Mtoto ambaye mabega hayajafunguka atalitafuta lile pindo mahali pengine, na mahali penyewe huwa kiunoni, kwenye uti wa mgongo. Ambaye viwiko vinakunjika, uzito wake wote unashukia kichwani na shingoni siku atakayochoka. Mwenye haraka huificha kasoro hiyo kwa kasi. Ukimrudisha apite juu ya mikono polepole, mguu mmoja baada ya mwingine, kasi haipo tena ya kumficha. Kwa hiyo kocha aliyekwambia “viwiko” na “mabega” amekupa jibu la kitaalamu, si maneno ya kukupoza. Hilo halithibitishi kwamba ana nia njema katika kila jambo. Linaonyesha tu kwamba alimtazama mtoto.

Kuna kitu kingine kuhusu ile video ambacho sijui kama kuna aliyekwambia. Kwa kanuni za chia za mashindano zinazotumika huko Marekani, levo 3 inaruhusu samasoti ya nyuma ya kukimbia: mtoto anaingia na raundofu, lile gurudumu linaloisha miguu miwili ikitua pamoja, mara nyingi anaunganisha handispringi, ndipo anazunguka. Samasoti ya kusimama, kama aliyoipiga uani, ni ya levo 4. Maana yake binti yako amejifunza kitu ambacho hata akipandishwa levo 3 leo hataruhusiwa kukionyesha. Na atakachotakiwa kuonyesha huko, handispringi za kusimama mfululizo na ile ya kukimbia inayomwingiza kwenye samasoti, kinapita kwenye handispringi ileile anayoikwepa sasa. Jimu iliyoona video ile ikasema “levo 3 leo” iliona mtoto hodari, na kweli ni hodari. Ila sijui iliona nini kingine.

Simaanishi kwamba wana hila. Huenda ni walimu wazuri. Lakini ujue pia jinsi timu zinavyopewa alama: ili timu ipate alama nzuri za sarakasi, sehemu kubwa ya watoto wake lazima waupige mruko wa levo hiyo, wawili watatu hawatoshi. Jimu inayounda timu ya levo 3 na imepungukiwa watoto ina kila sababu ya kukupigia simu kabla ya mwisho wa mwezi. Na jimu yenye levo 2 iliyokamilika ina sababu zake za kumshikilia mtoto anayeipendezesha. Pesa inaweza kuvuta pande zote mbili, mwanangu, kwa hiyo isiwe ndiyo mizani yako peke yake.

Kuhusu rangi sikusamehe, kwa sababu hukukosa kuuliza. Mama anayelea mtoto mweusi, Mwislamu, katika nchi ya watu, akiona watatu wamepanda na wa kwake amebaki, swali hilo lazima limpitie. Lina njia ya kuulizwa bila kumtuhumu mtu. Omba kwa maandishi: mtoto wa levo 2 anatakiwa aonyeshe nini, mara ngapi, juu ya sakafu gani, ili apande? Kisha omba kukaa siku moja utazame wenzake watatu waliopanda. Usitazame wakiruka, tazama viwiko. Kama navyo vinakunjika, una mazungumzo mazito ya kufanya na kocha huyo, na mimi nitakuwa upande wako. Kama vimenyooka kama mwichi, utakuwa umejitoa mzigo mmoja moyoni.

Sasa baba yake. Hapa naomba unisomee polepole, na ikiwezekana msome naye.

Nimekaa mara nyingi Forodhani jioni, wakati wa maji kujaa, nikiwatazama wale vijana. Wanakuja mbio, wanaukanyaga ukingo wa ukuta, wanageuka hewani na kupotelea majini. Ukiwatazama unaapa kwamba hakuna aliyewafundisha. Lakini keti saa nzima uwatazame wadogo. Yuko wa miaka saba anayeruka kwa miguu tu, amebana pua. Yuko wa miaka tisa anayeruka kichwa mbele kutoka ngazi ya chini. Wakubwa wako tayari majini, mmoja anaelea palepale mdogo atakapoangukia. Mtu haanzi kugeuka siku ya kwanza, na maji yakipwa hakuna anayeruka, kwa kuwa wote wanajua kilichoko chini. Zile ni levo, mwanangu. Hazikuandikwa popote na hazikuwa na ada, lakini zilikuwepo, na mume wako alizipanda moja moja kwa miaka. Amezisahau kama sisi sote tulivyosahau siku tulizojifunza kutembea. Hao vijana wa Mombasa nao hali ni hiyo. Mdogo anayesimama juu kabisa ya ule mnara wa watu alianza kwa kusimama juu ya mapaja ya kaka mmoja, mchangani, na wa kumdaka wakimzunguka.

Tofauti ya pili ni bahari yenyewe. Ukizunguka kupita kiasi, maji yanakupiga mgongo, unacheka, unapanda tena. Ukizunguka pungufu, unaingia na kichwa, unatoka na chumvi puani. Majani ya Texas mwezi wa saba, yaliyokaukia juu ya udongo mgumu, hayampi mtoto nafasi ya kukosea namna hiyo.

Na tofauti ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Anayeruka kinyumenyume kutoka ukutani lazima ajitupe mbali, la sivyo kichwa kitaukuta ukuta. Kwa hiyo mafunzo ya Forodhani ni “jitupe nyuma”, na ni mafunzo sahihi kabisa kwa mahali pale. Kwenye sakafu ni kinyume chake: kwanza unapanda juu, mikono masikioni, macho mbele, nyonga zinainuka, ndipo magoti yanakuja kifuani. Anayetupa kichwa nyuma kabla ya kupanda anakosa kimo, na asiye na kimo anatua magoti, au mikono, au pabaya zaidi. Tena ile tabia ya kutupa kichwa inahamia kwenye handispringi, inavikunja viwiko. Huenda kocha na baba yake wanapambana juu ya viwiko vilevile bila kujua. Mtoto anaambiwa “tupa kichwa nyuma, jitupe” jioni, na “macho mbele, nyoosha” asubuhi. Ningekuwa yeye nami ningesimama mwisho wa zulia.

Trampolini ya jirani siwezi kuipita kimya. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa msimamo mwaka 2012 kikiwasihi wazazi wasiziruhusu trampolini za nyumbani, na kikataja samasoti miongoni mwa sababu kubwa za majeraha ya shingo. Mwaka huohuo walitoa mwongozo wa chia pia, wakasisitiza mafunzo ya hatua kwa hatua na kutofanya sarakasi juu ya sakafu ngumu au isiyo sawa. Wazee wetu wangesema hayo bila karatasi, lakini karatasi ipo, na pengine mume wako ataisikiliza kuliko mkewe.

Njia zilizo mbele yako nazitaja kama ninavyoziona, na kila moja ina mwiba wake.

Mnaweza kubaki. Mtoto atarudi kwenye daraja, kwenye pipa la sifongo analojiviringisha juu yake kinyumenyume, kwenye godoro la mteremko, na handispringi itajengwa upya. Mwiba wake ni fedheha. Wa miaka 11 anahesabu sana nani yuko wapi, na akiachwa na marafiki watatu anaweza kuuacha mchezo kabisa. Ukichagua hili, muulize kocha kama anaweza kupewa wiki moja na wale wenzake hata kwa mazoezi ya nguvu tu, asijione ametengwa. Na umwambie juu ya anguko. Najua unaogopa. Lakini anamshika mtoto kiunoni anaporuka, na anayemshika mtoto lazima ajue wapi panauma na nini kimemtisha.

Mnaweza kuhama. Huenda kule kukawa na mwalimu mwenye mikono mizuri na subira, na mtoto akapata hewa mpya. Lakini atahamia na viganja vyake vilevile. Kabla ya kulipa chochote, nenda ukaone somo zima, si la majaribio mnaloandaliwa. Uliza kocha amethibitishwa kufundisha mpaka levo ipi. Uliza watamfanya nini mtoto mwenye samasoti na asiye na handispringi safi. Mwalimu atakayekujibu “tutaanza na handispringi” amekuambia jambo kubwa. Atakayekujibu “usijali” naye amekuambia. Na waombe muda zaidi. Nafasi isiyoweza kungoja wiki mbili kwa mtoto aliyeanguka inanifanya niulize kuna nini nyuma yake.

Mnaweza kupumzika. Mwezi, miezi miwili. Wasichana wa umri wake hurefuka ghafla, miguu inaongezeka, na mruko uliokuwa mwepesi mwezi wa tatu unakuwa mgeni mwezi wa nane, bila kosa la mtu. Wengine hupumzika wakarudi na hamu. Wengine hawarudi. Unamjua wewe.

Au mnaweza kuigeuza uani badala ya kuifunga. Hapa nina upendeleo wangu, nakiri, kwa sababu sitaki kumwona baba anafukuzwa kwenye mchezo wa mwanawe. Jioni zile za uani huenda ndizo saa nzuri kuliko zote alizowahi kukaa naye. Ukimwambia tu “acha”, atasikia kwamba Unguja yake haina thamani huku, na mtoto atasikia hivyohivyo. Lakini kusimama kwa mikono ukutani, kupiga msamba, kujikaza tumbo, kurukaruka miguu ikiwa pamoja, daraja ambalo baba anakaa kando akihesabu mpaka thelathini: hayo yote ni mambo ya uani, hayamtupi mtu hewani, na ndiyo hasa anayokosa. Mwiba wake ni kwamba baba lazima akubali kuwa wa kumdaka na kumhesabia kwa muda, bila kumrusha. Si kila mwanamume anayeliweza hilo. Baadhi hulipenda wakishalizoea.

Siwezi kukuchagulia. Sijamwona mtoto akiruka, wewe umemwona mara mia. Ninachokuomba ni kwamba kabla hamjaamua lolote, aulizwe yeye, peke yenu wawili, si garini mkitoka jimu. Usimuulize kama anataka levo 3, atasema ndiyo. Muulize anaposimama mwisho wa zulia anaona nini. Kama ni mkono, atakuonyesha mkono. Kama ni majani, atanyamaza kidogo kwanza, na wewe usiujaze ule ukimya.

Kisha jioni, watoto wakilala, mpikie mumeo chai ya tangawizi umwombe akusimulie Forodhani. Si ile ya watalii na picha, umeshaisikia. Ile ya siku ya kwanza kabisa: alikuwa na miaka mingapi, maji yalikuwa yamejaa kiasi gani, aliruka kwa miguu au kwa kichwa, na nani alikuwa chini majini akimngoja. Mwache ajibu hilo la mwisho kwa utulivu. Niandikie aliyokuambia.

Shangazi